Bwana Chumvi na Kizingiti cha Mwaka Mpya

Bwana Chumvi utamsikia kwa mluzi wake kabla hujamwona. Barafu ikikamata vichochoro vya mji wetu wa kale, hupita na ndoo na ile kofia ya sufu isiyomtoka kichwani, akitia chumvi ya kuiyeyusha kila ngazi kwa vidole vilivyopasuka, na kila nyumba huingia kunywa chai bila hodi. Isipokuwa siku ya mwaka mpya. Siku hiyo sharti mwanamume wa nywele nyeusi atangulie kuvuka kizingiti, kipande cha makaa mkononi.

Safari hii nilimkuta amesimama thelujini, mlangoni kwa kikongwe Bibi Ishbel.

"Ingia, mwanangu, utaganda!"

"Niingie na nywele hizi nyekundu, nikutie nuksi mwaka mzima? Siingii ng'o!"

Kumwona nyuma yangu shemeji yangu Fergus, aliyekuja kututembelea kutoka Glasgow na nywele zake nyeusi tii, Bwana Chumvi akatoa kaa mfukoni, akamtia kiganjani, akamsukuma ndani. Ndipo naye akaingia, akavua kofia. Nywele zilikuwa nyeupe pe, kama theluji ya nje, hata mmoja mwekundu haukuwapo. Fergus akafungua mdomo aseme. Bibi Ishbel akauziba kwa biskuti ya siagi.

"Kula," alimnong'oneza, "na ole wako umwambie."