Makofi Sita ya Kiholanzi

Shule yangu iliishia darasa la tatu, vita vilipotufukuza Kongo. Kwa hiyo Uholanzi, tulikokaa kabla ya kuhamia Birmingham, nilisomeshwa kama mtoto. Mwalimu alitufundisha kukatakata maneno yao marefu kwa makofi, kila kipande na kofi lake. Kiswahili huweka uzito karibu na mwisho. Wao, maneno wakiyaunganisha, kofi zito ni la kwanza. Nilisoma mpaka akanishangilia. Maana ya maneno hakunifundisha. Namlaumu. Namlaumu na mume wangu, aliyenitoa darasani, eti Kiholanzi cha sokoni kinatosha. Na mchungaji wetu hapa Nechells, mtaa wa Birmingham, aliyenisimamisha kanisani Jumapili moja: "Mwenye barua ya Uholanzi, mtaalamu ndiye huyu!"

Jumapili hiyohiyo, wakati wa chai, akaja na barua mama mmoja wa mtaa wa Handsworth. Tulikuwa naye kambi ya wakimbizi kule Uholanzi, na kule alimzika bintiye. Barua ilikuwa na neno la kujaza mstari: grafrechtenverlenging. Nikaligonga mezani: GRAF-rech-ten-ver-len-ging. Makofi sita, la kwanza zito.

"Wee! Huyu kanyonyeshwa na ng'ombe wa Kiholanzi!" akasema mmoja. Wanawake wakacheka, nami nikavimba kichwa.

"Inasema nini, dada?" akauliza mwenye barua.

Nilitambua "jiji" na "mwaka" tu. "Salamu za jiji, mama. Mambo ya usafi."

"Nisiiulize na simu, initafsirie?"

"Simu inadanganya. Mimi nimekaa kule."

Akaikunja, akaniambia aksanti.

Sasa ndiyo najua: kule kaburi ni la muda. Muda ukiisha wanakuandikia, useme kama unaongeza. Usipojibu, wanalifukua, wanamlaza mwingine. Graf ndiyo kaburi: kipande nilichokigonga kwa nguvu kuliko vyote.

Mwaka huu yule mama alikwenda kule na maua. Akanipigia simu ya video akiwa palepale, mbele ya jiwe lenye jina la mtu mwingine. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimpa simu mlinzi wa makaburi, akaniambia, "Muulize wamempeleka wapi mwanangu."

Swali sikuweza hata kulianza. Yule mlinzi akasema yake, polepole, kwa huruma. Kila neno nilisikia linapoanza na linapokatika.

"Anasema nini, dada?"

"Sijui, mama. Hata ile barua sikuielewa."

Kwenye kioo nikaona nyasi tu. Mama alikuwa ameishusha simu, ila hakuikata.