Mchapa Barua wa Mbele ya Chuo

Mama mwenye duka la kuchapa, lile linalotazamana na geti la chuo, huchapa bila kutazama vidole. Kimoja kina plasta siku zote, maana kikata karatasi humjeruhi kila wiki, na akiwaza huigonga ile plasta mezani. Wahitimu wakiingia hawaelezi shida yao. Yeye huuliza tu, "Ile ile, mwanangu?" Kisha hufungua barua ya kuomba kazi, hubadilisha tarehe na jina la kampuni, na ikitoka kwenye mashine huipuliza kama uji wa mtoto. Wapo aliowabadilishia tarehe miaka minne sasa.

Leo nilimpelekea fomu ya binti yangu ya kujiunga na chuo hicho, anitolee nakala. Nikamwambia ada nimeipata kwa kuuza kiwanja chetu pekee, na kwa kuwa yeye anashinda hapa, naomba ukweli: watoto wakitoka humo wanapata kazi? Aligonga plasta, akaiegemeza fomu kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kuchapa. Nilidhani ni risiti. Nilipochungulia, niliona orodha ya mafaili ya barua. Katikati ya majina ya wahitimu lilikuwa limeshakaa jina la mwanangu, na ndani yake barua ya kuomba kazi iliyokamilika, imebaki tarehe na jina la kampuni tu.

"Nimemwandalia kabisa, kaka," akasema kwa upole, akinirudishia fomu. "Hii ya kwanza sikutozi."