Wasichana Watatu kwa Mfungaji Mmoja

Timu ya Hjulsta walitaka wasichana wetu watatu, na sisi tulitaka mfungaji wao mmoja. Nikilisema hivyo sasa linasikika kama biashara ya mifugo. Siku ile, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya chai ya maziwa na mandazi, lilionekana jambo la busara kabisa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nasi wanawake wa mtaa wa Rågsved, huku Uswidi, tulikuwa na timu ya mpira wa pete. Waswidi hawaujui mchezo huo. Mtunza jumba la michezo la shule alikuwa akitutazama kila Jumamosi tukiingiza milingoti yetu wenyewe, iliyochomelewa na mume wa mwenzetu Mrundi, na kila Jumamosi aliuliza kama ubao wa nyuma ya pete umepotea. Wengi wetu tulicheza tukiwa shuleni, Kenya, Burundi, Kongo, kisha tukaja huku tukanenepa tukiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Magoti yalipoanza kulalamika tukawaingiza mabinti zetu. Kila Juni kulikuwa na kombe kati yetu na timu za mitaa ya Hjulsta na Fisksätra, na kila Juni tulirudi nyumbani tukimlaumu refa.

Mfungaji wa Hjulsta alikuwa Mganda mrefu, mpole, ambaye akishaushika mpira chini ya pete, huna haja hata ya kuruka. Alikuwa amehamia upande wetu kwa sababu ya kazi, na alichoka kuvuka mji mzima kwa treni ili kufanya mazoezi. Angeweza kuja kwetu tu, lakini sisi hatufanyi mambo hivyo. Viongozi wa Hjulsta walikuja watu wanne, wamevaa vizuri, wakakaa, wakasifu chai, wakauliza habari za watoto, wakazunguka weee kama watu waliokuja kuposa. Ndipo wakasema: huyu ni wetu, hatuwezi kumtoa hivi hivi, na timu yetu inazeeka, tupeni wasichana watatu. Wakawataja. Wa tatu alikuwa binti yangu wa miaka kumi na sita.

Wageni walipoondoka tukabaki kamati, watu watano, mimi mwenyekiti. Mama za wale wasichana wengine wawili walikataa.

"Huyo ana miaka thelathini na sita," alisema mmoja wao, yule Mrundi, mtu asiyependa maneno mengi. "Atatuchezea misimu miwili, basi. Hawa watoto tungekuwa nao miaka kumi."

"Miaka kumi ya kushindwa?" akadakia Mkenya mwenzangu. "Mimi nataka kombe kabla sijafa, dada yangu."

Zikawa kura mbili kwa mbili. Wakanigeukia mimi.

Mrundi alisema kweli, nami nilijua. Lakini nilijua pia minong'ono iliyokuwepo, kwamba binti yangu hatolewi uwanjani kwa sababu mama yake ndiye anayepanga timu. Ningekataa, wangesema, si tuliwaambia? Na kombe nililitaka, nisijitie utakatifu.

Nilijua vilevile ninachokitoa. Tangu baba yake arudi Nairobi "kwa miezi mitatu" na kuota mizizi huko, mimi na binti yangu tuliishi kama wapangaji wawili. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiswidi, na mara nyingi ni ndiyo au hapana tu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Mle ndani nilirusha, yeye akadaka, bila hata kutazamana, na tukirudi nyumbani kwa miguu alikuwa bado anacheka namna nilivyokosea pasi. Sikuwa na kitu kingine naye zaidi ya saa zile mbili. Nikanyoosha mkono upande wa ndiyo.

Nyumbani nilimwambia kamati imeamua. Akauliza, kwa Kiswidi, kama na mimi nilikubali.

"Mwenyekiti hapigi kura," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaniamini. Akaenda kufungasha viatu vyake.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Kila Jumamosi yeye alichukua treni kwenda Hjulsta, kubadilisha katikati ya mji na kuendelea hadi kituo cha mwisho, nami nikaenda kule jumbani. Mfungaji wetu mpya alikuwa mzuri kuliko tulivyotarajia. Nilirusha, akadaka, akafunga, akaniambia asante mama, na nilishindwa hata kumchukia. Nilirudi peke yangu, saa tisa alasiri giza limeshaingia, nikapika chakula cha watu wawili. Binti yangu alirudi amekula huko huko Hjulsta. Alisema ameshiba, akafunga mlango wa chumba chake.

Juni tuliwafunga Hjulsta kwa tofauti ya mabao mawili, tukachukua kombe. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, na sitasema kwamba sikufurahi.

Kisha mchungaji wa kanisa letu akasimama kutoa zawadi. Kamati walikuwa wamemweleza mambo yetu, kwa nia njema, kwa kunionea fahari.

"Mama huyu," akasema huku amenishika bega, "kura zilipofungana, ni yeye aliyeamua. Alimtoa mwanawe mwenyewe kwa ajili ya timu. Nani kati yetu angeweza?"

Watu walipiga makofi. Nilitazama sakafu, wakadhani ni unyenyekevu, wakazidisha.

Walioshindwa wakapanga mstari kutupa mikono, kama ilivyo kawaida. Binti yangu alikuwa wa nne. Alifika mbele yangu, akanipa mkono wa adabu, ule anaopewa mtu mzima usiyemjua.

"Hongera, mwenyekiti," akasema, akasogea kwa aliyefuata.