Ubavu wa Tela la Chumvi

Karakana yetu ya pale Mpemba, karibu na Tunduma, ilipopata kompyuta ya kuchorea, mimi nilikuwa mchoraji wa pili. Wa kwanza alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, aliyemfuata mumewe mwenye malori huku mpakani. Alinizidi umri, na kwa akili ndiyo usiseme. Ila alifanya kazi polepole hadi nikapandwa na presha.

Kazi yetu kubwa ilikuwa matela ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Dada alikuwa amechora ubavu wa tela na kuuwekea kanuni zake ndani: ukiandika urefu, nguzo zinajipanga zenyewe na matundu ya boliti yanahama pamoja nazo. Siku ya kwanza kuuona nilicheka kwa furaha. Niliandika urefu huu, nikaandika ule, nguzo zikawa zinatembea tu.

Kisha akaja mama mmoja wa Ivuna, mtengenezaji wa chumvi. Tela lake la trekta lilikuwa limeliwa na hiyo hiyo chumvi, na mzigo wa msimu mzima ulikuwa umerundikwa wazi kule kwake. Mawingu yalikwishaanza kukusanyika.

"Mvua ikinikuta, wanangu, yote inakuwa maji," alisema, kisha akaketi kwenye benchi mlangoni kutusubiri.

Nikaanza kulichora tela lake kutokana na lile la malori. Alilitaka fupi, lifunguke ubavuni, ili wapakie kwa makoleo. Nikaondoa mlango wa nyuma, nikaandika urefu mpya. Ubavu ukiwa peke yake ulijipanga vizuri. Nikiuweka kwenye mchoro mzima, pamoja na sakafu na chasisi, nguzo zinabaki za urefu wa zamani, nyingine zinaning'inia hewani nje ya tela. Nikafuta, nikarudia. Nikaitukana kompyuta kwa Kinyiha, ambacho naamini haikijui.

Mwisho nikaamua kuzisogeza nguzo kwa mkono, moja moja, ili mafundi waanze kukata. Mabati yalitosha tela moja tu. Yakikatwa vibaya, mengine yafuatwe Mbeya, na mvua haitasubiri. Dada akauondoa mkono wangu kwenye kipanya.

"Usiufunike ugonjwa, mdogo wangu. Tuuulize mchoro kwanza unaumwa wapi."

Akaanza kuondoa vipande: matairi, chasisi, sakafu. Kila akiondoa kimoja anabadili urefu na kutazama. Kosa likabaki pale pale. Basi akageuza mwendo, akarudisha hata nilichokiondoa mimi. Aliporudisha mlango wa nyuma, nguzo zikaruka zikakaa mahali pake. Akacheka taratibu, na mimi nikamwonea wivu.

Sababu ilikuwa ya kwetu kabisa. Hapa Tunduma tela linaanzia mlango wa nyuma, maana ndipo sili, ile lakiri ya forodha, inapofungwa, na tundu la sili likikaa vibaya gari linalala mpakani. Kwa hiyo ndani ya mchoro mzima ubavu uliagizwa uhesabu nguzo zake kuanzia mlango huo. Hakuna aliyewahi kuwaza tela lisilovuka mpaka. Nilipouondoa mlango, ubavu ulikosa pa kuanzia, ukang'ang'ania vipimo vya mwisho ulivyovikumbuka.

Dada akaufundisha kuanzia mbele, pale tela linapofungwa kwenye gari, kwa sababu kila tela lina mbele. Nguzo zikakaa. Nikainuka kuwaita mafundi.

"Bado," akasema.

Akaanza kuandika urefu wa ajabu: mfupi kama kitanda, kisha mrefu, kisha mrefu zaidi. Kwenye ule mrefu sana nguzo ya mwisho ikatoka nje. Akairudia kanuni, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Nilimkasirikia kweli. Mama wa Ivuna alisogea, akachungulia kioo cha kompyuta, akatazama mawingu kupitia dirisha.

"Lakini langu si refu hivyo, mwanangu."

"Najua, mama. Nivumilie kidogo."

Mabati yalikatwa siku hiyo hiyo, na kila tundu likakutana na mwenzake. Chumvi ilifika ghalani kabla ya mvua. Tulipopata habari nilifurahi kama vile ni yangu.

Msimu uliofuata mama yule alirudi. Alitaka tela la pili, refu, kwa sababu sasa alikuwa akibeba na chumvi ya majirani. Dada alikuwa amekwisharudi Tanga na mumewe. Niliufungua mchoro wake, nikaandika urefu, na nguzo zikatembea hadi mwisho, hata ile ya mwisho kabisa.

Mama akauliza yule mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia amehama. Akakitazama kioo.

"Siku ile nilimnung'unikia moyoni," alisema. "Nikaona ananicheleweshea tela langu. Kumbe alikuwa ameanza hili."