Mlezi wa miche isiyoiweza hewa yetu

Saa nne asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na saba amepiga magoti mbele ya kabati la kioo katika maabara ya mimea, taa kali zinammulika usoni. Kazini wanamwita Shangazi. Ndani mna miche thelathini na mmoja, naye anaikagua jani kwa jani.

"Msimsemeshe," mlinzi aliyekuja kuchungulia anaonya. "Mche wake ukiugua, hapa hapanyweki chai."

"Wewe chai utakunywa hata nyumba ikiungua," Shangazi anamjibu bila kugeuka.

Miche hii ina kilema. Jani lolote likiwa kwenye mwanga hukosea mara kwa mara, likanasa oksijeni badala ya kabonidioksaidi. Katika kulirekebisha kosa hilo, nitrojeni huchomoka ikiwa amonia. Jani lenye afya huidaka palepale na kuirudisha kazini. Majani haya hayawezi. Ndiyo maana yanaishi humu, yanapuliziwa kabonidioksaidi nyingi ili kosa lenyewe litokee kwa nadra.

"Shule niliishia darasa la saba," anasema Shangazi, aliyeanza hapa kwa kufagia miaka kumi na minne iliyopita. "Lakini jikoni, tone likimwagika si unalikinga? Hawa wangu hawana cha kukingia, maskini."

Juzi mchana mtungi wa gesi hiyo uliisha, na mpya ulikuwa bado njiani. Mtafiti mwenye miche, binti wa rika la kitinda mimba wake, alikuwa safarini. Mbegu za ukoo huu hazipo kwingine, na maganda yake yalikuwa hayajakauka kiasi cha kuvunwa.

"Shangazi, miaka yangu minne hiyo!" binti alilia kwenye simu.

"Utalia baadaye, mwanangu. Mwanga ndio unaowakosesha, au siyo? Basi nazima."

Alizima taa, akafunika kioo kwa pazia jeusi alilolivua dirishani, akaburuta kiti. Hakubanduka hadi gesi ilipofika jana asubuhi.

Sasa anasimama, magoti yanalia. Miwili imegeuka manjano. Ishirini na tisa ni kijani kibichi. Anampigia binti, kisha anamsukumia mlinzi simu aseme yeye: "Wazima! Mwenyewe analia hapa, mtu mzima!"

Wiki ijayo watavuna mbegu. Binti anataka kuirudishia miche ya kizazi kipya kile ilichokosa, uwezo wa kuidaka amonia. Shangazi, anayestaafu baada ya miaka mitatu, anaomba auone mmoja tu.

"Nimtoe humu, nimweke dirishani," anasema, akifuta kioo kwa kiganja. "Apigwe na hii hewa yetu ya bure, wala asijali."