Hamda Alivyomtoa Thamir kwa Mlango wa Serikali

Mimi nilitaka tumtupie Thamir virago vyake ngazini. Nasema kweli, hasira zangu nazijua. Lakini Hamda, jirani yangu wa ghorofa ya juu, si mtu wa kelele. Ni mjane, anakanda mtindi, anaufinyanga mabonge na kuyaanika darini mpaka yakauke. Mji mzima wa Salt, huku kwetu Yordani, unapikia nyama za harusi kwa mtindi wake. Vile vyumba viwili vya kupanga, na dari lake, ndiyo maisha yake yote.

Thamir alikuja kwenye matanga ya mumewe, maana ni mtoto wa mdogo wa marehemu. Akasema atalala mpaka arobaini. Arobaini ikapita, mvua zikaja zikaisha, Thamir yumo. Mgeni siku ya tatu mpe jembe; huyu ungempa jembe angelifanya mto! Mchana kalala, jioni anavuta shisha dirishani na kupaza sauti, "Mama mkubwa, chai haina sukari!" Na Hamda anaongeza sukari. Nilikuwa natamani kulia.

Siku moja mwenye nyumba akapanda ngazi. "Hamda, mkataba una jina lako peke yako. Mwaka ukiisha nikamkuta huyu kijana humu, sikuandikii mwingine."

Hamda akamwomba Thamir kwa upole atafute pa kwenda. Kijana akacheka. "Niende wapi? Hapa kwa ami yangu. Mimi ni mpangaji kama wewe."

Mpangaji! Mtu hajanunua hata kiberiti!

"Shoga yangu, nipe ruhusa tu," nikamwambia Hamda. "Mimi na wanangu tunashusha virago, tunabadilisha kitasa, yamekwisha."

"Hapana. Wakili kanionya, nikimtoa kwa nguvu mshtakiwa nitakuwa mimi. Nataka atoke kwa mlango wa serikali, asipate njia ya kurudi."

Akampa notisi ya kuhama. Thamir akaifungia falafeli zake, zile bajia za dengu. Hamda akajifunga ushungi, akaenda kumshtaki.

Mahakamani yule kijana akaapa, bila haya, kwamba yeye na Hamda walielewana kwa mdomo: yeye ni mpangaji mwenza, na tangu ami yake afe yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Hakimu, mzee wa kutoka Karak, akawasikiliza wote wawili, kisha akasema atakuja kuiona hiyo nyumba kwa macho yake. Hamda alirudi moja kwa moja kwangu. "Akimwamini yule, naenda wapi mimi?" Nikamshika mkono.

Hakimu akaja na karani wake. Majirani tulijaa ngazini, mlango wazi. Akakagua vyumba, akaketi. Hamda akaleta birika la kahawa chungu. Kikombe cha kwanza akaonja mwenyewe, kama ipasavyo mwenyeji, ndipo akammiminia hakimu. Na Thamir? Amekaa ubavuni kwa hakimu, miguu kaikunja, mkono kaunyoosha. Akamiminiwa, akanywa, akanyoosha tena. Aliposhiba akakitikisa kikombe, ishara ya mgeni kwamba imetosha, akamrudishia Hamda bila hata kumtazama.

Hakimu naye akakitikisa chake, akakiweka chini. "Kijana, mimi leo ni mgeni wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa! Karibu kwetu."

"Wako? Mgeni kaingia kwako, wewe umekaa? Kahawa hukuonja, hukunimiminia, na karibu yenyewe mpaka nimeidai. Umetikisa kikombe pamoja nami!"

Thamir akababaika. "Nimezoea, mheshimiwa. Yeye ndiye ananimiminia kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu nije."

"Andika," hakimu akamwambia karani. "Tangu aje."

Ngazini mtu akaangua kicheko. Nilikuwa mimi.

Hukumu ikatoka: mkataba ni wa Hamda, Thamir hana shahidi, na ukarimu si upangaji. Haukupita mwezi, polisi wakaja na amri. Thamir akasimama mlangoni na begi lake, akatoa silaha yake ya mwisho, ile iliyomfunga mdomo Hamda muda wote ule.

"Mama mkubwa, watu watasema umeifukuza damu ya mumeo."

Nikajua sasa atalegea, atamwambia rudi ndani mwanangu.

"Wasije wakakosea," Hamda akasema. "Waambie nilikulisha, nikakufulia, nikakuvumilia, na leo nimekutoa. Yote nimefanya mimi, kwa mikono yangu, nyumbani kwangu."

Akafunga mlango. Eh, nilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akatoka mbio chini kuuliza nani anaolewa!

"Haolewi mtu," nikamjibu. "Wewe lete mkataba. Mpangaji wako yuko juu, peke yake."