Siku Ngamia Alipotoa Salamu kwa Sauti Yangu

Nikikumbuka siku ile huvuta kofia ifunike macho, hata nikiwa peke yangu na hakuna anayenitazama isipokuwa Mola aliyenijalia umri huu. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mjukuu wangu Talaso anatengeneza mchezo wa kompyuta. Si wa kupigana. Ni maisha yetu ya zamani, na kila sehemu anaiita misheni. Katika misheni ya kwanza unapeleka ngamia kisimani (yule mweusi wa mbele ni Gurracha, ngamia wangu wa ujana, nilimweleza Talaso mpaka kovu la goti). Ya pili ni harusi, na mzee mwenye ndevu za hina anayekaribisha wageni ni mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, Alhamdulillahi.

Baba yake, mwanangu Guyo, hakutaka kusikia habari hizo. Alisema atautazama mchezo mara moja tu, siku Talaso atakapouonyesha watu ukumbini, na akiona ni upuuzi, Talaso ataacha masomo hayo ya kompyuta arudi kukaa dukani kwetu Burat.

Alasiri ya siku hiyo, kabla ya watu kufika ukumbini, Talaso alinionyesha maandishi yanayouendesha mchezo. Kila misheni ilikuwa na jina "kiongozi", na mbele yake neno "ndani". Nikauliza, ndani ya nini?

"Ndani ya misheni hiyo tu, Akaka. Kiongozi wa kisimani hajulikani harusini, na wa harusini hajulikani kisimani."

Sikupenda. Sisi tulipofika kisimani tulimtangaza anayetangulia, hata mgeni wa kutoka Kipsing amjue, ndipo maji yagawanywe kwa amani. Sasa jina lifungiwe ndani lina kosa gani? Basi Talaso alipokwenda kutawadha, nikafuta "ndani" pote pawili (kubonyeza alinifundisha mwenyewe, maskini), nikajiona jirani mwema.

Ukumbi ukajaa. Mimi nikasimama mbele ya watu nikasema, "Hata mimi nimetia mkono!" Ngamia wakafika kisimani wakaanza kunywa, na wakiwa bado wanakunywa, harusi ikaanza. Yule mzee mwenye ndevu zangu akatokea, akageuka akawaacha wageni, akaenda moja kwa moja kisimani, akainama kwenye birika, akanywa katikati ya ngamia.

"Mzee ana kiu!" mtu akapiga kelele nyuma.

Kisha Gurracha akaingia harusini, akasimama mahali pangu, akafungua mdomo, na sauti yangu ikatoka: "Assalamu aleikum, wageni wangu."

Na ukumbi mzima, kwa mazoea ya miaka yote, ukamjibu ngamia: "Waaleikum salaam!"

Nilitamani ardhi inifunike. Talaso alisoma maandishi yake, akaniangalia. "Akaka, neno ulilofuta lilikuwa ua wa kutenganisha misheni, nawe umeuondoa. Sasa jina ni moja kwa wote. Harusi ikikuita wewe kiongozi, kisima kinakutuma ukanywe. Kisima kikimwita Gurracha, harusi inampa salamu zako."

Nikamgeukia Guyo nikamwambia, "Kosa ni langu, usimhukumu mtoto." Lakini Guyo alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtoka, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipohama malishoni.

"Aba," akasema, "huyu si Gurracha? Si ndiye uliyenipandisha tukienda Kinna, nikalala mgongoni kwake njia nzima?"

"Ndiye."

Akaitazama ile picha, hata watu wakaanza kutoka. Kisha akamwambia binti yake, "Rudisha ua huo. Na dukani nitakaa mwenyewe."

Nimeapa sitafuta tena neno nisilojua limewekwa kuzuia nini, hata likionekana la uchoyo. Namshukuru Mola kwa aibu iliyoishia vizuri. Ila mpaka leo nikifika mlangoni mwa msikiti nikatoa salamu, wazee wenzangu huchungulia kwanza nyuma yangu, ndipo wanijibu.